Siku ya Arobaini na Mbili

Siku niliyompeleka binti yangu wa pili chanjo ya wiki sita, nilikuwa nimependeza kuliko siku ya harusi yangu. Piko lilikuwa bado jeusi mpaka kwenye vifundo vya mikono. Nguo zangu chini ya buibui zilikuwa zimefukizwa udi hadi zikawa nzito kwa harufu, na mama alikuwa amenichomekea kikuba cha asmini kifuani. Kwenye foleni wanawake waliniambia, "Mashallah, mzazi umetoka! Umenawiri." Mtoto akaning'inizwa kwenye mizani: kilo nne na gramu mia nane. Nesi akatia nukta kwenye mchoro wa kile kitabu cha kliniki, akaridhika jinsi nukta zinavyopanda, akamdunga. Mtoto akalia, nikambembeleza kama inavyotakiwa.

"Na wewe mama, hujambo?"

"Alhamdulillah."

Basi. Hata sindano ilichukua muda mrefu zaidi.

Alfajiri ya siku ile ile nilikuwa nimekaa ngazini saa nzima, mtoto analia chumbani, nami namsikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Nilijua ni wangu. Nilijua ana njaa. Miguu haikuinuka. Aliyekwenda kumchukua ni mama, akidhani mimi niko msalani natawadha.

Simlaumu yule nesi. Aliuliza, nikamjibu. Lakini hapa Lamu "Alhamdulillah" ni jibu la kila hali. Aliyeshinda kesi ya shamba hulisema, aliyefiwa hulisema, aliyeanguka kutoka kwenye punda na mguu umevunjika hulisema huku anabebwa. Ni ibada, na Mungu atulipe kwayo, ila daktari hawezi kuandikia dawa juu yake. Ukitaka kujua hali ya mtu wa kwetu inakubidi umuulize swali ambalo Alhamdulillah peke yake haitoshi kulijibu. Maswali ya namna hiyo, ya kumtambua mwanamke mwenye huzuni baada ya kujifungua, yapo, na ni kumi. Mimi nilichelewa kuyajua kwa miaka saba.

Kwanza hesabu ndogo. Wiki sita ni siku 42. Arobaini ya aliyejifungua kukaa ndani ni siku 40. Maana yake chanjo ya mtoto inaangukia siku mbili baada ya mama kutolewa, na hizo ndizo siku mwanamke wa Lamu anaonekana mzima kuliko wakati wowote wa maisha yake. Ameogeshwa, amepakwa, amefukizwa, amepewa doti mpya za leso. Siku mbili baadaye pia ndio nyumba inaanza kumtoka: shangazi amerudi Faza na boti ya asubuhi, mkunga hana tena sababu ya kuja, mama ameanza kuulizia vyombo vyake. Anayetaka kumficha mwanamke mwenye dhiki asionekane na mtu hawezi kuchagua siku nzuri zaidi ya hiyo.

Kwetu aliyejifungua huitwa mzazi, na jina hilo ni cheo cha siku arobaini. Nilikipata mara tatu na sitakisema vibaya. Asubuhi na jioni nilikandwa kwa maji ya moto kiasi cha kuona nyota mchana. Tumbo lilifungwa kwa leso. Uji wa pilipili manga uliletwa kabla sijauliza, na mchuzi wa kuku wa kienyeji, na chini ya kitanda kulikuwa na chetezo. Sikugusa maji baridi, sikufua, sikuchota. Bibi yangu alikuwa akituonyesha ile nyumba kati, chumba kidogo cha ndani kabisa katika nyumba ya mawe ya ukoo, akisema wazee walizalia hapo hapo wanapooshewa maiti wao, kwa hivyo tusijifanye kuzaa ni jambo jepesi. Walijua. Mila yote ya arobaini imejengwa na watu waliojua kwamba mwanamke akijifungua anasogea karibu na ukingo.

Ila walichokilinda ni mwili. Wageni wakija huuliza: maziwa yatoka? Mshono umekauka? Mtoto alala? Hakuna anayeuliza moyo, kwa sababu mwenye kukandwa, kulishwa na kufukizwa hivyo atalalamika kitu gani? Ukisema "sioni raha" umewatukana waliochota maji. Mimi nilinyamaza kwa adabu, wala sikuwa na siri yoyote ya kuficha.

Mtoto wa kwanza alinipita bila neno, ndiyo maana wa pili alinikuta sijajiandaa. Siku ya tatu na ya nne nililia, lakini hayo ni machozi ya kila mtu. Wanawake walio wengi hulia siku za mwanzo, homoni zikishuka kwa kishindo, na ndani ya wiki mbili yanakatika yenyewe. Yangu yalikatika, na baada yake hakikuja chochote. Hapo ndipo nilipodanganyika, na wote nyumbani wakadanganyika nami, maana tunadhani mwenye huzuni ni yule anayelia. Mimi nilikuwa mkavu. Usiku mtoto akilala, nilikaa macho nikihesabu pumzi zake. Mchana akiamka, nilitamani mtu mwingine amchukue. Nilitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi mmoja na nikasahau kuitia kabisa kwenye uliofuata. Taratibu likaingia wazo, wala halikuja kwa kelele, kwamba mtoto huyu angepata mama mwingine angekuwa na bahati zaidi.

Nyumbani walisema ni hasadi, kwa kuwa mtoto alikuwa mzuri na watu walimtazama sana. Wengine wakasema upepo. Nikanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, nikasomewa. Sitaki kuwafurahisha wanaocheka mambo hayo: sauti ya yule mzee akinisomea ilikuwa sauti pekee wiki ile isiyoniuliza habari za maziwa, na usiku ule nililala saa nne mfululizo. Lakini ya tano ilinikuta ngazini.

Nilitoka huko mtoto ana miezi minane. Dada yangu alikuja likizo ya shule akakaa, akawa anamchukua mtoto usiku bila kuulizwa. Halafu afisa wa kliniki mmoja, niliyekwendea kwa kizunguzungu, akapima damu akakuta imepungua sana. Vidonge vya madini ya chuma vilinirudishia miguu. Nalitaja hili kwa sababu watu hulisahau: upungufu wa damu, na tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, huweza kujifanya huzuni au kuizidisha, na vyote viwili hupimika. Hata hivyo siku zote hizo hakuna aliyenitajia jina la kilichonipata.

Jina lenyewe ni tatizo. Vitabuni ni unyogovu. Wenzetu wa Tanzania wana sonona. Sijawahi kumsikia mwanamke wa Langoni, katika usita wa mui wala jikoni, akisema "nina unyogovu." Husema: nina mawazo. Nina dhiki. Moyo hauna nafasi. Kifua kimenibana. Sijipati. Hilo la mwisho ndilo langu, na nikilisikia kwa mwanamke mwenye mtoto mchanga siku hizi naacha ninachofanya.

Karatasi ya maswali kumi niliiona mara ya kwanza mikononi mwa shoga yangu ambaye ni nesi. Alitoka nayo kwenye mafunzo, akaja kwangu kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili na, kwa maneno yake, "lugha hii itanishinda kule kliniki." Tukakaa kiwandani, yaani ule ua wa ndani ya nyumba, chai ya tangawizi na mahamri katikati, bibi yangu juu ya mkeka anachambua mchele.

Karatasi hiyo ilitungwa Uskoti. Mwaka 1987 John Cox, Jenny Holden na Ruth Sagovsky waliichapisha kama kipimo cha Edinburgh cha huzuni baada ya kujifungua, na tangu hapo imetafsiriwa kwa lugha nyingi sana, Kiswahili kikiwamo. Maswali kumi, kila moja lina majibu manne yenye alama kuanzia sifuri mpaka tatu, jumla 30. Inauliza siku saba zilizopita peke yake. Sehemu nyingi hutumia alama 10 au 13 kama mpaka, na anayeufikia mpaka hajaambiwa kwamba ni mgonjwa. Ameambiwa tu kwamba huyu asiondoke bado, kuna mtu akae naye, aulizwe vizuri.

Kilichonifanya niwaheshimu watu wale watatu ni kile walichokiacha nje. Hawaulizi umechoka? Hawaulizi hamu ya chakula imekwenda wapi? Kuna karatasi nyingine maarufu, ya maswali tisa, inayouliza uchovu, usingizi na kula, na inafaa kwa watu wengi, lakini mzazi wa wiki sita atapata alama hapo hata akiwa na furaha ya Idi. Nani halali vizuri akiwa na mtoto wa siku 42? Wale wa Edinburgh waliuliza usingizi kwa namna moja tu: je, umekuwa na huzuni hata ukashindwa kulala? Yaani mtoto amelala, nyumba imelala, wewe je? Ningeulizwa hivyo siku ya kikuba, nisingekuwa na pa kukimbilia.

Tafsiri aliyokuja nayo shoga yangu ilikuwa safi, na ilikuwa ya ofisini. Swali la kwanza lilisema: nimeweza kucheka na kuona upande wa mambo unaochekesha. Bibi akainua kichwa. "Mambo yana pande ngapi, mwanangu?" Tukaandika pembeni kwa kalamu: umeweza kucheka, jambo la kuchekesha likitokea, kama ulivyokuwa ukicheka zamani? Bibi akasema hilo sasa ni swali.

La tatu linauliza kama umejilaumu bila sababu mambo yalipokwenda kombo. Hapo tulikwama mpaka chai ikapoa. Anayejilaumu huwa na sababu zake, tena amezipanga kama vyombo kwenye kidaka. Ukimwambia "bila sababu" atasema hapana, kwa kuwa yeye anaona sababu anayo. Mwishowe tuliuliza: umejitia makosani kuliko watu wengine wanavyokutia? Nami nikakumbuka kwamba mwaka ule mzima hakuna aliyenikosoa hata mara moja zaidi ya mimi mwenyewe.

La nne lina neno wasiwasi, na kwetu wasiwasi una mwenyewe, ni wa shetani. Ukimuuliza mwanamke kama ana wasiwasi umemuuliza kama shetani amempata, naye atajikinga kwa Mungu na kukataa. Tukaandika "roho juu". Roho yako imekuwa juu juu bila jambo? Hilo kila mtu analijua, kuanzia wake wa wavuvi.

Swali la sita ndipo Kiswahili kilipokishinda Kiingereza. Wao wameandika kitu kama mambo yamekuwa yakinipanda juu. Sisi tuna kuelemewa, na katika mji wa majahazi huna haja ya kulieleza neno hilo. Jahazi lililoelemewa halijazama. Linakwenda, tena kutoka pwani unaliona linakwenda vizuri, mpaka uangalie maji yamefika wapi ubavuni.

La kumi nitalirudia.

Mara ya kwanza kuitumia ile karatasi niliharibu. Binamu yangu, nitamwita Mwanaesha, jina lisilo lake, alikuwa na siku ya pili tangu atoke arobaini. Nikaenda kumwamkia na karatasi ndani ya mkoba. Mavyaa wake, mama wa mumewe, alikuwepo, mwanamke mwema, mwenye sauti. Nikasoma maswali kwa sauti, kama darasani.

"Umeweza kucheka?"

"Anacheka sana," akasema mavyaa. "Jana kacheka mpaka wifi yake akamwambia taratibu, mshono."

"Umekuwa na huzuni hata ukashindwa kulala?"

"Alala, mwalimu. Tunamkanda, alala kama mtoto."

Mwanaesha alikuwa akitabasamu na kuitikia kwa kichwa, vidole vinacheza na pindo la leso. Nikajumlisha: alama nne. Nikaondoka nimeridhika. Nilikuwa nimempima mavyaa, na mavyaa ni mzima.

Shoga yangu nesi alinitazama kwa muda kabla ya kusema kitu. "Ulimuuliza mbele ya nani?" Halafu akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua kuliko yeye, kwamba swali la namna hii huulizwa faraghani, watu wawili, na kama mwanamke hasomi vizuri asomewe kwa sauti ya chini, na akikawia kujibu aachwe akawie.

Nikarudi Jumapili, wakati mavyaa yuko kwenye maulidi ya jirani. Mwanaesha alikuwa darini anaanika nguo za mtoto. Nikashika upande mmoja wa shuka, yeye upande mwingine. Sikutoa karatasi, maswali nilikuwa nayo kichwani. Tukawa tunaanika na kuuliza. Katika swali la kwanza alisema, "Nacheka wakicheka." Katika la pili, kama anatazamia mambo ya mbele kwa furaha, alinyamaza vipande vitatu vya nguo, kisha akasema, "Ya mbele gani?" La tisa, kama amekuwa akilia kwa huzuni: "Bafuni. Nafungulia maji."

La kumi linauliza kama wazo la kujidhuru limekujia. Kwetu jibu lake hutoka kabla swali halijaisha: astaghfirullah. Ni haramu, tunajua, na anayejua ni haramu hatakubali hata kwamba wazo limempita mlangoni. Kuna na hofu ya polisi. Mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Mahakama imesema, lakini hofu haisomi hukumu. Kwa hivyo nilimuuliza vingine. Nilimuuliza kama kuna wakati anatamani kulala asiamke.

Alibana kibanio kwenye kamba, akakibana tena mahali pale pale.

"Sitaki kufa, dada. Nataka kulala tu, wasiniamshe. Siku mbili tatu. Nikiamka nikute ameshakuwa mkubwa."

Nikamuuliza waziwazi kama amefikiria namna ya kujifanyia jambo. Watu huogopa kuuliza hivyo wakidhani watampa mtu wazo. Haliji kwa kuulizwa. Likiwa lipo, kuulizwa ndiko kunakolitoa. Akasema hapana, hajafikiria, na nilimwamini kwa sababu safari hii alinitazama. Baadaye nilijumlisha: 17. Wiki ile ile ambayo mavyaa alinipa nne.

Jioni hiyo nilimwita shoga yangu. Mambo yaliyofuata ni ya kawaida mno kuelezwa: damu ikapimwa, mumewe akaambiwa kwa lugha ya kueleweka, wifi akahamia chumba cha pili ili kila usiku wa pili mtoto awe wa kwake, na kila Alhamisi Mwanaesha akawa anakaa na nesi nusu saa wakizungumza. Dawa ilitajwa pia. Ziko za kutibu huzuni zinazoweza kutumiwa na anayenyonyesha, sertraline kwa mfano, ambayo huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana, na uamuzi ni wa daktari na mama mwenyewe. Yeye hakuihitaji mwishowe. Mwingine ataihitaji, na hana la kuonea haya.

Liko jambo moja lisilongoja Alhamisi. Katika kila wanawake elfu waliojifungua, mmoja au wawili hupatwa na kile wazee wanachokiita wazimu wa uzazi, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Halali na wala hachoki, anaongea mbio, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au ametumwa. Huyo si wa karatasi wala maswali. Ni hospitali usiku huo huo, hata kama ni kuamsha nahodha.

Nikirudi kwenye foleni ya kliniki. Shirika la Afya Duniani huandika kwamba duniani karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni hupata tatizo la afya ya akili, unyogovu ukiongoza, na katika nchi zinazoendelea asilimia 19.8. Yaani mmoja katika watano. Kaa kwenye benchi la wanawake kumi siku ya chanjo, wote wamefukizwa, wote Alhamdulillah, kisha ujiulize wale wawili ni kina nani. Mwaka 2022 shirika hilo hilo lilipendekeza mama apimwe hivi baada ya kuzaa, kwa sharti kwamba pawepo na pa kumpeleka. Sharti hilo ndilo shoga yangu huligonga mezani kila tukibishana. "Usinipe swali ambalo sina jibu lake," husema. Asubuhi moja ana watoto wa kupima, wa kudunga, rejista za kujaza, na akimpata mwenye alama 20 daktari wa akili yuko Mombasa: boti mpaka Mokowe, kisha basi zaidi ya kilomita 300, na mtoto mchanga mgongoni.

Ana haki. Lakini mimi nilikuwa kwenye ile foleni, na najua kutoulizwa kulivyokuwa. Kuna hata njia fupi ya maswali mawili tu: mwezi huu uliopita umekuwa ukisumbuliwa na huzuni au kukata tamaa? Umekuwa huoni raha katika mambo uliyoyapenda? Ni dakika moja, wakati nesi mwingine anamvua mtoto nguo. Anayejibu ndiyo apewe yale kumi, kando, pembeni ya dirisha. Wengi wa watakaopatikana hawahitaji Mombasa. Kule Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda aliona madaktari hawatoshi, akawafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza, na karatasi yao inatumia neno la Kishona kufungisisa, ambalo maana yake ni kuwaza kupita kiasi. Nina mawazo, kwa Kiamu. Hapa kwetu mabaraza ni ya wanaume na barabara. Benchi la wanawake liko ndani, kwenye mkeka wa kiwandani, na bibi wapo.

Aliyekuwa mgumu ni mavyaa. Alipojua kuhusu ile 17 aliona ametiwa aibu nyumbani kwake. "Tumemkosea nni? Amekosa nni mtoto wa watu? Hii ni imani haba." Sikuwa na jibu la kitabibu la kumfaa, na yeye hakutaka la kitabibu. Ila kila usiku wa kuamkia Ijumaa mwanamke huyo husoma Sura Maryamu, na nikamkumbusha habari anayoijua kwa moyo kuliko mimi. Bi Maryamu uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende alisema laiti angelikufa kabla ya hayo, akawa kitu kilichosahaulika. Maryamu, mama. Na je, aliambiwa ana imani haba? Aliambiwa asihuzunike. Akaonyeshwa maji chini yake, akaambiwa atikise mtende, ale tende, anywe, atulize jicho lake.

Hakusema kitu. Aliinuka akaenda kumpokonya Mwanaesha mtoto, akamwambia akalale.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kumuuliza Mwanaesha tena, faraghani, alama zikawa tisa. Nilipokuwa navaa buibui niondoke, mavyaa akaniita kiwandani, akanikalisha. Aliuliza kama ile karatasi ninayo. Nikaitoa. Akaitazama kwa mbali, kama mtu asiye na miwani.

"Hizi siku saba," akasema, "ni za wiki hii tu? Au hata za zamani zahisabiwa?"

Nikamwambia ni za wiki hii, lakini kwake tunaweza kuhisabu tunavyotaka.

"Basi nisomee. Ule mwaka wa Omari."

Omari ni mwanawe wa tatu, ana nywele nyeupe kidevuni sasa. Nikasoma la kwanza. Akafikiri, akajibu. La pili. La tatu, ambalo nililisema kwa maneno yale ya kujitia makosani, alicheka kidogo bila sauti, akasema niandike tatu. Nikaandika tatu. Tulifika la sita, la kuelemewa, adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa nyuma, kisha wa pili ukafuata, kisha yote. Akashika goti akainuka kwenda kutawadha.

Karatasi niliiacha kwenye kidaka, chini ya tasbihi yake. Nilipopita juzi ilikuwa bado ipo pale, imekunjwa mara mbili, haijafika kumi.